Daftari la Safu Mbili la Mama Hawa Soudi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Hawa Soudi anastaafu katika bohari yetu ya dawa hapa Kasuku, mjini Kindu. Alianza mwaka 1999, wakati wa vita, akituma habari kwa foni, ile redio iliyotuunganisha na Kibombo barabara zilipofungwa. Anaondoka akiwa msimamizi wa programu ya kompyuta inayoshughulikia oda za dawa. Vyeo vilibadilika, kiti ni kilekile.

Kosa lake kubwa hulisimulia mwenyewe, kwa hiyo tunaruhusiwa kulichapa. Mwaka 2000 alituma Kibombo habari mbili mfululizo: kwanza, pakieni mchele wa wagonjwa, pili, ondokeni. Hakungoja jibu la ile ya kwanza, nayo ikapotelea katika kelele za mvua. Waendesha baiskeli sita walifika Kindu siku ya nne, baiskeli tupu, wakiuliza chakula cha kubeba kiko wapi. Tangu hapo alichora daftari lenye safu mbili: saa ya kutuma na saa ya kujibiwa. Safu ya pili ikiwa wazi, habari inayofuata haikutoka, hata asimame mkubwa gani mlangoni.

Mwaka jana, programu mpya ilipoanza kazi, hati za mizigo ya Kibombo zilianza kutoka zikisema katoni sifuri. Programu ilikuwa na amri tatu: kagua akiba, tenga katoni, chapa hati. Mtandao ukiwa mzuri zilifuatana vema. Ukilegea, hati ilitoka tupu. Exaucé, aliyeitengeneza, aliongeza kusubiri kwa sekunde mbili kati ya amri. Ikapona Jumatatu, ikaugua Jumanne. Dawa za malaria za Kibombo hazikuweza kutoka bila hati sahihi, na mkurugenzi, Mama Germaine, alitoa muda hadi Ijumaa. Baada ya hapo programu ingezimwa, na oda zingerudi kuchukua wiki mbili kwa karatasi.

Mama Hawa alisikiliza, kisha akauliza kama amri ya pili ilijibu. Exaucé akasema ilitumwa.

“Kutuma nimeona, mwana wangu. Jibu iko wapi?”

Alimtaka aifanye programu iandike saa ya kutumwa na ya kujibiwa kwa kila amri, naye Mama Hawa akazinakili daftarini. Kwenye oda ya nne kosa lilionekana: hati iliamriwa sekunde sita kabla kazi ya kutenga katoni haijajibu. Zile sekunde mbili zilikuwa za kubahatisha. Exaucé alizifuta, akapanga kila amri ianze pale tu jibu la iliyotangulia linapofika. Jibu likileta kosa, zote zisimame na sababu ionekane.

Alhamisi mchana walidhoofisha mtandao makusudi mpaka ukatambaa. Hati ilichelewa, lakini ilitoka na katoni arobaini. Ijumaa pikipiki ziliondoka, na Jumapili Kibombo wakathibitisha kupokea zote. Mama Hawa alijaza safu ya pili, akaenda kula sombe yake, kisamvu cha kwetu.

Amefundisha watu tisa. Wote wanamwogopa kidogo, na wote wanaandika saa. Sasa anakwenda Alunguli kwenye bustani yake ya lengalenga, yaani mchicha, ambayo, kwa maneno yake, haijawahi kujibu kabla ya kuulizwa. Daftari amemwachia Exaucé.

Asante, Mama Hawa. Tunakutakia maisha mema, afya na mvua ya kiasi. Ujumbe huu umetumwa leo, saa tatu asubuhi. Safu ya pili iko wazi. Hatutumi mwingine mpaka utujibu.