Mama Nasipwondi, Aliyetembeza Mioyo Yetu

Miaka thelathini na miwili imetimia. Mama Mercyline Nasipwondi, mkuu wa chumba cha mazoezi hapa hospitalini, anastaafu tarehe 30 Juni, na mimi Wabwire, msukuma machela, ndiye niliyemfundisha kazi. Sawa, nimedanganya. Nilimwonyesha choo kilipo, na hata hapo nilimpeleka kile cha wanaume.

Alianza kwa kunyoosha magoti ya wakata miwa wa Muhoroni na migongo ya wavuvi wa Dunga. Mkono wake ni mzito. Wanaume walioingia wakijigamba walitoka wakiita mama zao. Baadaye akaenda kusoma tena, akarudi na wazo lililowachekesha wakubwa: kwamba mtu aliyepata mshtuko wa moyo asitunzwe kama yai, atembezwe. Alisema moyo ni msuli. Ukiulaza unalegea, ukiufanyisha kazi polepole unarudi kusukuma damu kwa nguvu. Wakampa chumba, wagonjwa sita na miezi mitatu. Picha za moyo zisipoonyesha nafuu, chumba kigeuzwe stoo ya magodoro.

Mgonjwa wa sita nilikuwa mimi. Moyo ulinigomea kazini, nikabebwa na machela yangu mwenyewe. Mama alitufunga kila mmoja kijisaa cha kuhesabu hatua. Mimi nikaona kutembea bila kwenda mahali ni wazimu, kwa hivyo kila asubuhi changu nilimvalisha Lornah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, anayezunguka na beseni kutoka Dunga mpaka Kondele. Jioni nakichukua: hatua elfu kumi na tisa! Mama alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Kisha picha zikapigwa. Mioyo mitano ilikuwa imepata nguvu. Wangu ulikuwa palepale, unapuliza kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Daktari Khaemba, mmoja wa wale wakubwa, akasema basi mazoezi hayana maana, maana aliyetembea kuliko wote ndiye hakupata nafuu. Magodoro yakaanza kuletwa. Ilibidi niseme ukweli. Nilingoja kufukuzwa, lakini Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee Wabwire," akasema, "basi Lornah ana moyo wa ng'ombe. Wewe vaa viatu."

Akaenda kwa wakubwa kuomba wiki kumi zaidi, akijua kwamba nikizembea tena chumba kimekwenda. Safari hii nilitembea mwenyewe. Kwenye veranda alinifuata nyuma, nikilegea ananiambia, "Ongeza mguu, Baba, hata kobe anaona haya!" Mwanzoni nilihema kabla ya kufika dirisha la tatu. Wiki ya nane nilikuwa na pumzi ya kumjibu matusi.

Picha ya mwisho ilionyesha nguvu ya moyo imepanda kutoka asilimia thelathini hadi arobaini na tatu. Khaemba aliitazama mara mbili, akaagiza magodoro yaondolewe. Nikarudi kwa machela yangu, safari hii nikiwa upande wa kusukuma. Chumba kipo mpaka leo. Si kila moyo ulipona humo, lakini wengi walioingia wakishikiliwa walitoka wakijishikilia.

Mama, asante kwa kutusumbua. Wafanyakazi wote tunakuombea mapumziko marefu, na magoti yasiyolalamika.

Ila kabla hujafunga mizigo: ile siku nilipokupandishia kiti chako cha chuma ghorofa ya pili bila kupumzika hata mara moja, uliniahidi kichwa cha samaki mbuta. Bado nakingoja. Chumvi pima wewe.