Nyumba Inayogeuza Shingo

Fukuto la siku ile lilikuwa la kumtoa mtu adabu. Kiberiti kimelowa bila kunyeshewa, sukari imegandana kwenye kopo, na mimi muuza kahawa wa kona hii sikuwa na hamu ya kumsikiliza mtu. Lakini utafanyaje? Benchi langu lina wenyewe. Yupo Fundi Feni, anayetengeneza feni za watu na yake haizunguki. Yupo Jaji, aliyekuwa mfagizi wa mahakama, na tangu astaafu anahukumu kila kitu. Na siku hiyo Kinyozi alikuja na boksi la friji lililokunjuliwa, akalitandaza chini, akachukua kipande cha mkaa kwenye gunia langu cha kuchorea, bila hata kuniomba. Mama yake, Bi Mkubwa, kifua kinambana. Chumba anacholala kimeota ukungu ukutani mpaka nguo zinanuka sandukuni. Kinyozi kapata kiwanja, vibarua wa kuchimba msingi wanakuja mchana huohuo, na ramani hana.

— Nisaidieni jamani, alisema. Nataka nyumba isiyomkohoza mama.

— Mbona rahisi, alisema Fundi Feni. Madirisha mawili yatazamane. Upepo uingie huku, utokee kule.

Kinyozi akachora vyumba na madirisha. Tungeishia hapo tungekuwa watu wa maana. Lakini Jaji alikuwa ameshasafisha koo.

— Na kuta za katikati je? Upepo upige hodi kila chumba? Ukuta ndio mshitakiwa. Toa!

Kinyozi akafuta kuta kwa kiganja.

— Na mvua ikija? aliuliza Kinyozi.

— Refusha paa, alisema Fundi Feni. Likae kama kofia pana.

— Pana mpaka wapi?

— Mpaka kwa jirani, akahukumu Jaji. Naye si binadamu?

— Na unyevu wa ardhini? niliuliza. Sijui nani alinituma.

— Inua nyumba juu ya nguzo! alisema Fundi Feni.

— Mama magoti yake hayawezi ngazi, alisema Kinyozi.

— Basi jioni tunaishusha kwa kamba, akasema Fundi Feni.

— Kamba za nini wewe? Jaji akamkatiza. Upepo wenyewe hautulii, asubuhi uko huku, jioni uko kule. Nyumba iufuate!

Fundi Feni akaruka kama aliyekalia siafu.

— Feni ya mezani! Mmeona inavyogeuza shingo? Nyumba igeuze shingo hivyohivyo!

— Mabomba ya choo si yatajinyonga? niliuliza.

— Choo hakizunguki, alisema Fundi Feni. Choo kinabaki palepale.

— Na mtu akibanwa?

— Anasubiri nyumba ipite.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kinyozi hakucheka, maskini. Alikuwa anachora choo.

Basi nami nikaona naachwa nyuma kwenye benchi langu mwenyewe.

— Nyinyi hamjui unyevu unatoka wapi, nikasema. Unatoka kwa watu! Mtu akilala anapumua, anatoka jasho. Akiamka anapika, anafua. Ukungu tunaulisha sisi.

Jaji akasimama, na akisimama ujue hukumu imeiva.

— Nyumba hiyo asilale mtu.

— Haitaota ukungu maisha! Fundi Feni akapiga makofi.

Kinyozi akaanza kufuta vitanda alivyokuwa amechora, kimoja baada ya kingine.

Tulisikia kikohozi kabla hatujamwona mwenyewe. Bi Mkubwa alikuja anategemea mwavuli, anapumzika kila nguzo ya umeme.

— Shikamoo Bi Mkubwa, tulisema wote.

— Marahaba wanangu. Ndiyo nyumba yangu hiyo?

— Ndiyo mama, alisema Kinyozi. Inageuza shingo.

— Hongera mwanangu.

Akainama, akaifuata michoro kwa kidole, taratibu, kona mpaka kona.

— Na mimi nalala wapi?

Fundi Feni akamtazama Jaji. Jaji akanitazama mimi. Mimi nikashika birika nijifanye namimina, yakatoka machicha matupu. Niliona aibu, nasema kweli.

— Basi nipisheni nijinyooshe kidogo, alisema Bi Mkubwa.

Tukasimama wote juani. Kumbe pale benchini kuna kaupepo kanapita kati ya maduka mawili, na siku zote tulizokaa tukibishana hatukuwahi kukasikia. Bi Mkubwa alijilaza, akavuta mtandio usoni, usingizi ukampitia. Kikohozi kimya. Kinyozi akalikunja lile boksi, akapiga goti, akaanza kumpepea.

Vibarua wakatokea na majembe na sururu zao.

— Bosi, tuchimbe wapi? Ramani iko wapi?

— Shh! Semeni polepole, alinong'ona Kinyozi, mkono hausimami. Ramani ndiyo hii ninayopepea. Subirini aamke, tumuulize mwenyewe.