Jengo la Maabara Nampa Seenoi

Funga mlango wa duka, Yasini, wateja wa chumvi na sabuni watangoja, na wewe Nasrin niinue mgongo niegemee mto, kisha mkae mbele yangu mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno. Imamu na jirani yetu wapo hapo mlangoni, ni mashahidi. Seenoi, mke wa marehemu Parsimei, uliyeshuka kutoka Ngorongoro kuja kuniaga, usiondoke hata wanangu wakikukazia macho, kwa kuwa ya leo yanakuhusu. Na wewe Sadiki, mwanangu wa kwanza, usisimame ukutani kama mgeni. Kaa chini. Leo huna mgonjwa wa kumkimbilia.

Mimi Hajira, mjane wa baba yenu Abbasi, nakufa, na ugonjwa unaoniua haukuja kwa kunyata, ulipiga hodi mchana kweupe. Nilikuwa nakunywa maji kama ardhi ya Mang'ola wakati wa kiangazi na kiu haiishi, miguu ikafa ganzi hata nikakanyaga kaa la moto jikoni nikasikia harufu ya nyama kabla ya kusikia maumivu. Nikaja kwako, Sadiki, kwenye maabara yako iliyomo ndani ya jengo langu, nikanyoosha mkono ukanitoa damu, ukarudi unatabasamu: "Mama, ni taifodi tu." Nikameza dawa. Nikarudi. "Taifodi imerudi, Mama." Nikameza tena. Nikakuuliza, mbona sisimizi wanajipanga mstari kwenda chooni kwangu, wanafuata nini kwenye mkojo wa kikongwe? Ukacheka mbele ya watu ukasema, "Siku hizi sisimizi nao wamesomea udaktari?" Naam, walisomea, mwanangu, tena walifaulu kukushinda, maana wao walionja sukari na wewe hukuitafuta.

Siku nilipoanguka dukani ni Nasrin aliyenibeba hadi Moshi. Daktari wa kule alipopima akasema kisukari kimekaa mwilini miaka na figo zimekwisha, damu yangu inatakiwa isafishwe kwa mashine. Nikasema alhamdulillahi, bima ninayo. Nasrin akapeleka kadi dirishani, na binti wa pale akaitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Bibi, kadi hii imesimamishwa. Inaonyesha unapimwa tezi dume."

"Mama yangu? Tezi dume?" Nasrin akapaza sauti, na foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao mpaka nikatapika.

Sadiki, kadi ile ilikaa kwenye droo yako. Uliniambia, "Niachie mimi, Mama, wewe hujui mambo ya bima," na kila mwanamume aliyekuja kwako bila kadi alipimwa kwa jina langu. Na wewe Yasini usiiname kama asiyehusika, madereva wako wa malori ya vitunguu walidungwa sindano kwa jina hilohilo, ulijua, ukaona ni ujanja wa ndugu. Wenye bima wakasema ngoja tuchunguze. Walikuwa na haki ya kuchunguza, lakini figo hazikujua kungoja, na tulipopata mashine kwa kuhangaika huku na huku, moyo ulikuwa umeshalegea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Mimi kilichonila nilikibeba tumboni, nikakinyonyesha, nikakijengea.

Mtasema mama ana hasira za mgonjwa, anamsingizia mtoto. Mimi ni mwenye duka, na mwenye duka akishuku mzani haupigii kelele, anauwekea jiwe analolijua uzito wake. Niliporudi kutoka Moshi nilijaza vichupa viwili kwa mkojo wangu mwenyewe. Kimoja Nasrin akakupelekea kwa jina langu, kingine Seenoi akakileta kama chake. Ukajibu kwamba Seenoi ana maambukizi makali ya mkojo na adungwe sindano haraka, na mimi mama yako niko safi kabisa. Safi, Sadiki! Na figo zangu zimekufa.

Seenoi alisimama pale ua wa nyuma, ameshika kibuyu chake cha maziwa, hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Basi na Parsimei naye?"

Ya Parsimei nyote mnayakumbuka. Mumewe alishuka na kikohozi cha miezi, shuka lake limelowa jasho, akaja kwako kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikinunua maziwa yao na akaamini mwana wa Hajira hawezi kumdanganya. Ukamwandikia taifodi. Akarudi milimani na vidonge, akashuka tena anatema damu, ukamwandikia taifodi, na kifua kikuu kinapimwa bure hospitali ya serikali, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwako! Hukumwambia. Wamemzika, na watoto wake wawili sasa wanameza dawa za kifua.

Nilikuita nikakuuliza kwa nini. Ulinijibu nini? "Mama, watu wenyewe wanataka kuambiwa kitu. Ukimwambia mtu sijaona ugonjwa, anahamia maabara ya jirani." Ulilisema kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Ndipo nilipojua sikuzaa mjinga. Mjinga ningemsamehe.

Sasa sikilizeni ya mali. Duka, nyumba hii na shamba la Ganako vitagawanywa kama Kurani ilivyogawanya, na fungu lako, Sadiki, sipunguzi hata punje, si kwa kukupenda, ila kwa kumwogopa aliyelipanga. Ninadaiwa funga za Ramadhani mbili, walisheni maskini fidia yake kabla hamjagusa chochote. Lakini theluthi ni yangu kumwusia nimtakaye, na jengo la maabara haliivuki theluthi, imamu amekwisha kulitazama hilo. Jengo hilo nampa Seenoi. Ubao wako utashuka, mashine zako utazibeba, na Seenoi akitaka auze maziwa mle ndani, kwa sababu maziwa yakichacha hata mtoto anajua, hayaandikiwi cheti kwamba ni mazima. Anayetaka kupinga apinge sasa, mbele ya mashahidi, nikiwa bado nina macho ya kumtazama... Hakuna? Vizuri.

Nasrin, acha kulia, unanimalizia hewa. Wewe una watoto. Mtu akikuchoma sindano akutoe damu, muulize anatafuta nini, na akikupa jibu muulize amelionaje, na likikutia shaka nenda kwingine bila kumwonea haya, hata awe amelala kwenye tumbo moja na wewe. Homa isiyosikia dawa si homa uliyoambiwa. Kadi ya bima ni ya mwenye uso ulio juu yake, usimpe mtu hata kwa huruma, maana anayetibiwa kwa jina lako anakuachia ugonjwa wake kwenye kumbukumbu zako. Na uulize mapema, ukiwa mzima, bima yako inalipia nini, inakataa nini, na hospitali gani inaipokea. Mimi niliuliza dirishani, nimeshikiliwa kwapani.

Yasini, wewe nakupa radhi nusu mkate. Nusu nyingine utaipata ukienda mwenyewe kwa wenye bima ukasema yale unayoyajua, kabla hawajakuita.

Nipe... nilowanishe midomo, Nasrin. Pamba tu, si kikombe.

Nizikeni kesho kabla ya adhuhuri, msingoje wageni wa Arusha. Msikitini msitangaze kwamba mama aliugua kwa muda mfupi. Semeni kisukari, semeni figo, semeni jina la maabara. Yasini atashuka kaburini pamoja na wajomba zake. Sadiki hashuki.

Usianze kuniomba radhi, mwanangu, nakuona unavyofungua mdomo. Radhi yako sinayo hapa. Nimeiweka kwa watu uliowaandikia, vijijini Kansay na Ganako, kule kwa wafugaji, kila nyumba ina kipande chake. Nenda mlango kwa mlango uwaambie, sikuwapima, nendeni mkapimwe upya. Wengine watakutukana. Wengine utakuta... wamekwisha zikwa. Zungumza na waliobaki.

Seenoi, Mungu awakuzie watoto wako. Nasrin, Mungu akupe wanao wakutazame kama ulivyonitazama mimi, na nchi ikulainikie kila ukanyagapo. Imamu, umesikia yote? Shahidi umesikia? Basi... nigeuzeni kibla. Polepole. Mguu huo hauna... hausikii, uinueni tu.

Nani huyu? Sadiki.

Usinishike mkono. Nenda kwanza.