Mzee Thaddée Kashindi na Kilalo cha Muda

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso na kabla ya kusalimia mtu, Mzee Thaddée Kashindi alitoka uani, akainua mkono mmoja, na nyumba yote ikanyamaza. Hata mtoto mchanga alinyamazishwa kwa titi. Mzee alikuwa anangojea kamyo ya kwanza ipite juu ya kilalo cha chuma, daraja la mto Kashezi. Mbao zikilia kwa mfululizo mpaka ng'ambo, alishusha mkono na kuomba chai. Mlio ukikatika katikati, alichukua nyundo na kitambaa chake chekundu, akaenda, na chai tulimfunikia.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1952 kwenye uwanda wa Luberizi, mwana wa marehemu Étienne na marehemu Apolline, wakulima wa mpunga. Alianza shule ya msingi ya misioni mwaka 1959. Vita ya 1964 ikafunga shule, na ilipofunguliwa yeye alikuwa tayari na jembe mkononi. Alijua kusoma na kuandika. Biblia yake iko na alama za vidole vya grisi mpaka Ufunuo.

Mwaka 1978 aliingia kazi ya barabara. Mwaka 1986 maji yalibeba daraja la saruji la Kashezi, na mahali pake kikaletwa kilalo hiki cha chuma. Ingeniyeri Marcellin, aliyeongoza kazi, aliwaeleza kwamba vilalo vya namna hii vilizaliwa katika vita kubwa ya Wazungu. Waingereza walivijaribu kwanza juu ya mito midogo ya kwao, kisha askari wakavibeba vipande vipande kila mahali adui alipovunja madaraja. Mashine haikuhitajika. Watu sita wanainua kipande, wanakishika na kingine kwa pini nene, wanasukuma mpaka ng'ambo. Vita ikisogea, kinafunguliwa na kufuata askari.

"Ni ya muda tu," Marcellin aliwaambia.

Mzee akamuuliza: "Muda ya nani?"

Wenzake walicheka. Marcellin alijibu, miezi sita. Kilalo kiko pale hata leo.

Aliwekwa kuwa mlinzi wake, na tangu siku ile hakuwa na amani. Kitu cha muda, alisema, hakina mwenyewe. Mbao ziligeuka kuni za watu. Pini moja aliikuta kwa jirani, imepigwa chini na mbuzi amefungwa pale. Akamfungua mbuzi, akabeba pini yake, akamwambia mwenye nyumba kwamba mnyama wake amefungwa vizuri kuliko kilalo. Sheria yake ilikuwa moja: kamyo zipite moja moja, na watu wote washuke, wavuke kwa miguu. Madereva walimtukana. Mvua ilipopiga milimani hakulala, na sisi wa nyumbani tulijifunza kutolala naye.

Tarehe 25 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na mama Geneviève. Mungu aliwapa Jean-Marie, Victoire na Blandine. Wengi wenu mnakumbuka harusi ya Victoire, Julai 2006. Msafara ulitoka kanisani Luberizi kwenda Uvira, gari limejaa maua, na Mzee, akiwa ndani ya koti lake jipya, alikuwa ametangulia kusimama mbele ya kilalo na kile kitambaa chekundu. Wakwe kutoka Kilibula walikasirika. Bwana harusi, Bienvenu, alishuka kumuomba kwa heshima.

"Papa, hata leo?"

"Hata leo. Kilalo haijuwe harusi."

Victoire alivua viatu, akainua gauni, akavuka kwa miguu, na wakwe nyuma yake kimya kama watu wa msiba. Alipofika ng'ambo, Mzee alimpangusa vumbi miguuni kwa kitambaa kile kile.

Mwaka 2019 alipata malaria kali. Alipona, lakini masikio yalibaki yanavuma, na mbao hakuzisikia tena. Mama Geneviève alisimama karibu naye kila asubuhi, akimgusa bega mlio ukiwa mzuri. Mama alitutoka tarehe 3 Novemba 2021 na akalazwa hapa, upande huu wa mto. Baada yake tulijaribu sisi kumgusa bega. Alitutazama machoni na hakuamini. Akaanza kwenda mwenyewe, bila viatu, aweke mguu juu ya chuma na kusikia mtetemo. Daktari alimkataza kutoka wakati wa mvua. Blandine, aliyekaa naye, alificha koti lake. Mzee akamwambia: "Mutu ya masikio anaweza kulala. Miye niko na miguu tu."

Ameacha watoto watatu, mkwe wake Bienvenu, wajukuu na kitukuu mmoja. Tunawashukuru vijana waliojaza mawe na mifuko ya mchanga pale ukingo ulipobomoka, na wanaume sita waliovusha jeneza kwa mikono. Mawingu yako tena juu ya milima. Wanaorudi Rugenge na Kilibula, tunawaomba sana: mushuke wote, muvuke wachache wachache. Kilalo haijuwe msiba pia, na leo hakuna mtu amesimama pale.

Mwili wake ulipatikana kwenye mashamba ya mpunga, mchana wa Jumamosi tarehe 13 Aprili 2024. Dereva Irankunda, ambaye yuko hapa kati yetu, alikuwa anatoka Luberizi na kamyo imejaa wamama wa soko. Alituambia: "Niliona Mzee ng'ambo, anapepea kitambaa. Nikapiga frein, kamyo ikasimama. Kuangalia tena, udongo iko inaanguka, na yeye hayuko." Wamama wote walirudi kwao wazima.

Alale karibu na mama Geneviève, asisikilize tena kitu.

Asubuhi ile ya Jumamosi mvua ilikuwa haijakatika. Blandine alimwambia angoje chai. Mzee alichukua kitambaa, akatoka bila koti na bila viatu. Tulisimama uani, hakuna aliyeambiwa anyamaze, tukangojea mbao zilie. Hazikulia.