Dawa ya Mwanangu

Basi la kwenda gerezani siku ya kuwaona wafungwa huwa kimya. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akimlalamikia dada aliyeketi naye, ingawa hawakuwa wakijuana.

"Mwanangu kaharibiwa na unga. Sasa huko ndani kila asubuhi nesi anamnywesha methadoni, eti ndiyo dawa ya kuacha heroini. Si ulevi uleule tu? Leo namwambia aache."

"Usimwambie hivyo, mama," dada alisema taratibu. "Kaka yangu alifungwa hapohapo kabla dawa hiyo haijaletwa. Alitapika, akatetemeka kwa kuukosa unga, mwisho akatulia. Alitoka amenenepa, tukasema kapona. Wiki ileile akarudia kipimo chake cha zamani, na mwili ulikuwa umeshazoea kukikosa. Mimi ndiye niliyemkuta chooni, ameshakufa. Leo naenda kwa mdogo wake, naye yumo humo ndani, nikambembeleze ainywe."

Nikajifanya naangalia nje, kana kwamba ukuta mrefu wa gereza una cha kutazamwa.

"Pole sana, mwanangu," mama alisema hatimaye. "Lakini wangu atainywa mpaka lini?"

"Sijui, mama."

Basi likasimama langoni. Sote tukashuka, isipokuwa yule mama; lile alilokuja kumwambia mwanawe hakuweza tena kulisema.