Mbegu Hainyimwi Mtu: Maisha ya Bibi Ernesta Elirehema wa Kwandiva (1951–2025)

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Same mjini na mliopanda kutoka tambarare tangu alfajiri, majirani wote wa Kwandiva, na wewe Mzee Humphrey uliyekaa safu ya pili, shikamooni. Ninayesoma ni Doris, mtoto wa Beatha, mjukuu wa marehemu. Bibi mwenyewe aliniagiza niandike. Alisema mimi nauliza sana, na anayeuliza sana hasahau majibu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho. Msibani mtu hainuki kabla ya udongo, na hilo Bibi alikuwa analijua.

Bibi Ernesta alizaliwa Vudee tarehe 12 Juni 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Elirehema na Bi Eliakunda. Mama yake alimzaa siku aliyotoka kuvuna, na wanawake waliokimbia kumsaidia walikuta kikapu cha fiwi bado kimejaa mlangoni. Alibatizwa Desemba ya mwaka huohuo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960, akaishia la nne mwaka 1963, kwa sababu nyumbani ilipatikana ada ya mtoto mmoja tu na kaka yake ndiye aliyeendelea. Shuleni kulikuwa na shamba, na mwaka 1961 mwalimu alileta kopo la karanga za mbegu kutoka tambarare. Asubuhi ya kupanda, kopo likakutwa tupu.

"Bibi, na wewe ulikula?" nilimuuliza.

"Nilikula. Tena mimi ndiye niliyelifungua."

Mwalimu aliwachapa wote. Halafu mama yake akamwongezea adhabu ya nyumbani: azunguke nyumba kwa nyumba akaombe mbegu nyingine. Alidhani atafukuzwa. Hakuna aliyemfukuza, hata mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na baba yake. Mzee yule alimjazia viganja viwili akamwambia, "Mbegu hainyimwi mtu. Hata adui yako ukimnyima, mwakani utamwibia nini?" Bibi alituambia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka yeye kabla yetu. Naomba muikumbuke. Tutairudia.

Tarehe 20 Novemba 1971 alifunga ndoa takatifu na Babu Zephania, kijana wa hapa Kwandiva aliyekuwa akikata mkonge huko chini. Tulipomuuliza alimpendea nini, alijibu, "Alinuka mkonge hata Jumapili. Nikasema huyu angalau hawezi kunidanganya anafanya kazi gani." Mungu aliwajalia watoto watano. Mmoja alitangulia mwaka 1983, na Babu akafuata mwaka 2004. Bibi hakuolewa tena. Alisema kulala katikati ya kitanda ni raha ambayo wanaume wanaificha.

Kazi yake ilikuwa kulima. Nalisema hili wazi kwa sababu hospitalini waliandika kwamba hana kazi, naye akiwa amelala pale na dripu mkononi aliwafokea mpaka wakafuta. Huku juu alikuwa na migomba, kahawa kidogo na mahindi. Chini tambarare alikuwa na shamba ambalo aliliteremkia kwa miguu kila msimu, akapanda mtama na fiwi. Wageni ambao hamuijui fiwi, ni jamii ya maharage, na mtaikuta leo kwenye makande. Jua likishakausha kila kitu, fiwi hubaki kijani. Siku za msaragambo, tunapotoka wote kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, Bibi ndiye aliyeita watu, na sauti yake ilifika ng'ambo.

Ndipo ukaja mwaka 2017. Serikali ilileta mradi wa kuongeza nafaka, mikunde na mbegu za mafuta. Afisa ugani wetu wa wakati ule, Bi Irine, aliitisha mkutano, na watu wakamchagua Bibi kuwa mkulima kiongozi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka furaha yake. Bi Irine alimkatia kijiti cha kupimia nafasi kati ya shimo na shimo, na Bibi alikwenda nacho hata kanisani. Mbegu za alizeti za ruzuku zikafika. Bi Irine alikuwa amezijaribu kwenye kitambaa kibichi, zikachipua vizuri, akazikabidhi stoo ya kijiji, kisha akahamishwa wilaya nyingine. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mwenyekiti wa kamati ya pembejeo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Humphrey.

Mzee Humphrey ndiye aliyekuja nyumbani akamwambia Bibi, "Mama Erasmo, mradi unataka mashamba matupu. Wakikuta fiwi humo hawatatuhesabu. Waambie watu wang'oe." Bi Irine hakuwahi kusema neno kama hilo, nilimpigia simu wiki hii nikamuuliza. Lakini Bibi aliamini. Akazunguka nyumba kwa nyumba, kama alivyozunguka utotoni, akisema, "Ng'oeni, mbegu ipo, nimeiona kwa macho yangu." Na watu wakang'oa, kwa sababu aliyesema alikuwa Ernesta. Akiba za mbegu ya fiwi wakazipika. Zingekaa za nini tena? Magunia ya mradi yalitoka stoo, yakalala kwa Bibi usiku mmoja, asubuhi akayagawa.

Mvua ya vuli ilikuwa nzuri mwaka ule. Alizeti haikuota. Ilitoka miche hapa na pale, kama nywele za mtu mwenye upara, na kuku wakaimaliza.

Januari 2018, mtu akisimama pale kwenye jiwe juu ya ndiva aliona tambarare yote imekuwa kahawia, isipokuwa shamba moja la njano. Njano kabisa, kama kanga iliyoanikwa. Mlioishi hapa mliliona. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kulitazama kwa sababu lilikuwa zuri, na Bibi alikuwa anakuja kulitazama pia, ila yeye hakuwa anasema ni zuri. Lilikuwa shamba la Mzee Humphrey.

Kwenye mkutano wa kijiji watu wakamuuliza. Akasimama akajibu, "Yangu nimenunua Same mjini kwa pesa yangu. Ya mradi ililala kwa Mama Erasmo. Muulizeni yeye ililala na nani."

Watu wakacheka. Baadhi yenu mlicheka. Tangu siku hiyo Bibi akaitwa Mama Gunia. Watoto walimpita njiani wakisema, "Shikamoo Mama Gunia," naye akaitikia marahaba, maana shikamoo hairudishwi. Zamu yake ya kusaidiwa kupalilia ilipofika, hakutokea mtu hata mmoja. Mwaka huo watu walinunua mahindi mpaka wakauza mbuzi, na kila mbuzi aliyeshuka mnadani alihesabiwa kuwa kosa la Bibi. Agosti, Mzee Humphrey akapata cheti cha Nane Nane kwa alizeti bora. Kipo sebuleni kwake. Mliokaribishwa chai mmekiona.

Bibi hakugombana. Kila Jumapili, kwa miaka saba, alikaa benchi la nyuma ya Mzee Humphrey. Palepale, nyuma ya shingo yake. Nilimuuliza kwa nini asikae mbele na wazee wenzake.

"Nataka ajue nipo."

Na fiwi? Juu ya jiko, kwenye moshi, kilikuwa kimening'inia kibuyu alichokisahau, na ndani yake mlikuwa na fiwi za kujaza kiganja. Alizipanda zote nyuma ya nyumba, akazibebea maji kichwani. Kufikia mwaka 2020 alikuwa na debe zima, na waliomwita Mama Gunia wakaanza kuja na vikombe vyao wakitazama chini. Akawapa wote. Siku moja alikuja mama aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote kwenye ule mkutano, nami ndiye niliyekuwa napima.

"Bibi, huyu si ndiye yule?" nikamnong'oneza.

"Ndiye. Mpimie kifurike. Akilala usiku akione hicho kikombe."

Mwaka 2022 alikuja nyumbani Paskali. Wengi mnamfahamu: alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, akaishia kubeba mizigo kwenye mashine ya Mzee Humphrey ya kukamua mafuta. Alikaa jikoni, akakataa chai, akasema, "Mama, zile mbegu za mradi nilizihamisha mimi kwa mikono yangu. Aliniambia nizitie kwenye viroba vyake. Kwenye magunia ya mradi tukajaza alizeti ya kukamulia, iliyokaa miaka chini ya bati la moto. Tukashona upya. Ndiyo iliyokuja kulala kwako."

Bibi akauliza, "Na kwa nini unaniambia leo?"

"Amenifukuza kazi, Mama."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Afadhali wewe," akasema, "hujaniambia kwamba umeoteshwa." Kisha akamlazimisha anywe chai.

Alipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Lakini wakati huo Mzee Humphrey alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa kijiji. Jambo la Bibi liliwekwa chini ya mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa. Mkutano uliofuata, hivyohivyo. "Muda umetuishia, ndugu zangu, tufunge kwa sala." Nilikuwepo mara ya mwisho. Tulipokuwa tunarudi, Bibi aliniambia, "Ipo siku yeye atakuwa amekaa na mimi nimelala, na hatakuwa na sala ya kufungia."

Siku yenyewe ni leo. Paskali amekaa pale karibu na mlango wa jiko, shati la bluu. Anayetaka kumuuliza, amuulize baada ya maziko.

Mwezi wa Oktoba 2024 miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Alitibiwa Same, na Januari akapelekwa Moshi, ambako madaktari walisema moyo umechoka. Tunawashukuru kwa kazi yao. Mwezi wa Februari aliomba arudishwe nyumbani. Tulimzunguka kitandani, akatoa maagizo yake: jeneza la kawaida, nyimbo zisiwe ndefu, na ukweli kuhusu yale magunia usomwe mbele ya kaburi lake likiwa wazi.

Mjomba Erasmo, mtoto wake mkubwa, akamwambia, "Mama, msibani watu husamehe."

"Wasamehe wao. Mimi siku hiyo nitakuwa na shughuli."

"Mama."

"Sikiliza Erasmo. Mkinizika bila kusema, mtakuwa mmezika uongo wa mtu na kuuwekea msalaba wenye jina langu. Watoto wa kijiji hiki watapita pale wakisema, hapa amelala Mama Gunia. Unataka hivyo?"

Bibi alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yangu.

Juzi, wakati wa kupanga ratiba, Mjomba alisoma nilichoandika. Kwenye ratiba ile ya kwanza palikuwa na mstari usemao "Neno la jirani: Mzee Humphrey", kwa kuwa alikuwa ameomba aseme machache.

"Doris, huu ni wasifu au mashtaka?" Mjomba akaniuliza.

"Ni wasifu, Mjomba. Ndiyo maisha yake hayo."

Mjomba akachukua kalamu na kuufuta ule mstari yeye mwenyewe. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyoshika hamuuoni.

Marehemu ameacha watoto wanne: Erasmo, Ernest, Beatha na Eva, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, na dada yake mmoja, Bi Fortunata wa Chome. Ameacha pia Mzee Humphrey, akiwa hai na mwenye afya njema. Bibi aliomba Mungu ampe maisha marefu, hapahapa Kwandiva, katikati yetu sote tuliosikia.

Na ameacha magunia mawili ya fiwi. Moja limepikwa, ndilo makande mtakayokula mkitoka hapa. La pili ni mbegu. Masika inakaribia, kwa hiyo baada ya maziko kila nyumba ya Kwandiva ipite kwa mama yangu pale langoni ichukue kikombe chake. Waliomwita Mama Gunia wapimiwe kikombe kinachofurika. Aliagiza hivyo, na tumewakumbuka wote.

Mzee Humphrey, kwako Bibi aliacha maneno, nami nayasoma kama alivyoyatamka:

"Humphrey apewe sahani ya kwanza. Akitaka ya pili, apewe. Chakula sitamnyima. Nilifundishwa kwamba mbegu hainyimwi mtu, nami nimeishi hivyo miaka yote, nimewapa walionicheka. Yeye nimemnyima. Ni mimi, Ernesta, nimemnyima kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila masika ashuke kuomba kwa watu wasiomjua, na wakimuuliza kama kwao hakuna mbegu, awaambie ipo."

Sahani yako iko tayari, Mzee. Chumvi imo.

Bibi Ernesta Elirehema apumzike kwa amani, yeye aliyemaliza.