Mshumaa wa Ineza

Kwenye basi dogo la kutoka Rubona, Nziza, kijana wa chama cha fizikia cha chuo kikuu, alimweleza mama muuza samaki wa sambaza jinsi wanavyowakaribisha wageni chamani: wanawashusha na mshumaa shimoni penye mazuku, hewa nzito inayolala chini na kuua mbuzi.

“Mushumaa ikizimika, tunapima hewa imefika wapi, tunatoka. Iko fizikia tu, mama.”

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilifungua dirisha, ingawa mazuku hayapandi basi.

Mama alisema, “Mutoto wa dada yangu aliinama kufunga kiatu, kule Goma. Hakuinuka. Leo nani anashika mushumaa?”

“Ineza. Wameshafika, mi nimechelewa. Tulimuchagua juu iko mufupi, hana lazima ya kuinama.”

“Mufupi si iko karibu na chini?” mama aliuliza. Nziza akampigia Ineza simu, akarudia. Basi liliposimama mjini, ilikuwa bado inaita.